Aliyekuwa Majini Jumapili Ile

Kaeni karibu, wanangu, na anayetaka kulia akalie nje kwanza kisha arudi, maana sauti niliyonayo ni ya leo tu na sitaki kushindana na vilio. Mimi Ketrina sikuwaita mje kunionea huruma. Kufa nitakufa, hilo halina mjadala. Nimewaita kwa sababu kuna neno nimelikalia miaka ishirini na mitatu, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sikubali kuumbuliwa na kifo, nitajiumbua mwenyewe. Timotheo, kifungua mimba wangu, keti hapa mkono wangu wa kulia. Leah, niinulie kichwa. Na wewe mzee Ezron wa kanisa, sogea pale penye mwanga nikuone, kwa sababu mengine nitakuambia wewe.

Tuanze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Shamba la mtama la bondeni ni la Leah, aliyelilima huku kaka yake akiandika ubaoni. Nyumba hii na mbuzi ni vya Timotheo. Ng'ombe mwekundu mtamkamua kwa zamu, na mkimgombania nitasikia huko huko niliko. Jirani yetu Ferista ana chungu changu kikubwa tangu arusi ya binti yake. Msikidai, ila mwambieni kwamba nilijua. Na ule mtumbwi wa babu yenu uliopinduliwa nyuma ya zizi, tangu maji ya Rukwa yaliporudi nyuma na kutuachia tope, mtu asiukate kuni, kwa sababu habari yangu yote imo humo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Baba yangu aliuchonga ule mtumbwi kwa mkono wake akanipa mimi, si mwanamume yeyote, siku nilipoolewa na Yonasi, baba yenu, mwinjilisti kijana aliyetushukia kutoka Mbangala na Biblia moja na kofia moja. Serikali ilikuwa imeamuru kila mtumbwi uandikwe, basi tukaupeleka. Karani akasema mwanamke haandikwi, akaandika jina la Yonasi na kuchoma namba ishirini na saba ubavuni kwa chuma cha moto. Nikamwambia karani, andika utakavyo, maji yenyewe yananijua. Yonasi alicheka mpaka karani akakasirika.

Sikilizeni sasa, msije mkadhani mama yenu alikuwa mvuvi. Wavu sikuutaka, ndoana sikuishika. Niliingia ziwani kwa sababu ilikuwa raha, basi. Nilisimama nyuma ya mtumbwi, nikachomeka upondo kwenye tope, nikasukuma, ukateleza kati ya matete na ndege wakaruka mbele yangu, na mwili wangu wote ukasahau jembe na kinu. Wanawake wenzangu walikwenda kisimani kupiga soga. Mimi soga yangu ilikuwa huko, na sijaona aibu kwa hilo hata leo.

Ila askari wa boma hawakuwa na mahali pa kuniandika. Kulikuwa na askari mmoja, Lusubilo, mtu wa Kinyakyusa, mrefu, viatu vikubwa, amepewa ziwa alilinde naye anaogopa maji. Siku ya kwanza alinisimamisha, yeye amekaa katikati ya mtumbwi wa serikali ameshika kingo zote mbili. Akaniuliza, "Unakwenda wapi, mama?" Nikamwambia siendi popote. "Unavua?" Sivui. "Unavusha watu?" Watu gani, si unaona niko peke yangu? "Basi unafanya nini?" Nikamwambia natembea. Maskini, alifungua daftari lake, akalitazama juu mpaka chini. Humo mlikuwa na wavuvi, wavushaji na wezi, anayetembea hamkuwa naye. Akataka karatasi ya mtumbwi. Nikaifungua kwenye pindo la kitambaa changu cha kichwa, nikamnyooshea, naye kwa kutaka kuipokea kiaskari akasimama wima. Askari, daftari na viatu, vyote vikaingia majini. Nilimvuta kwa mkanda wake nikampandisha kwangu, anatapika maji, na neno lake la kwanza likawa, "Mama, usimwambie mtu." Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo kila tulipokutana alinipigia saluti, ameketi.

Sasa nifikie penye mwiba. Mwaka wa pili wa nzige serikali ilitoa amri kwamba miezi ya samaki kuzaa mtumbwi wowote usionekane ziwani bila kibali. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema amri hiyo ni ya wavuvi, mimi na samaki hatuna ugomvi. Ikaja Jumapili moja, Yonasi ameshikwa na homa kali, amelala anatetemeka, amewatumia wazee wa kanisa salamu kwamba hataweza kuhubiri. Mimi nilibaki ili nimuuguze. Wanangu, nilimuuguza mpaka jua lilipofika hapa, kisha akasinzia, nami nikasikia wimbo kutoka kanisani na upepo kutoka ziwani, nikauchagua upepo. Nilivaa kofia yake kwa ajili ya jua. Nilimwacha mume wangu mgonjwa nikaenda kucheza. Hilo ndilo kosa langu, na sitalivika nguo.

Nilikuwa mbali kidogo na matete nilipoona mtumbwi wa serikali. Alikuwemo Lusubilo, na pamoja naye koplo mpya aliyekuja kuonyesha ukali. Akapiga kelele nisimame. Kifungo hakikunitisha, nilichoogopa ni watu kutoka kanisani wakanikuta nimeshikwa, mke wa mwinjilisti, Jumapili, mume kitandani. Basi nikawakimbia. Na mjue kwamba niliwakimbia vizuri, nikaingia kwenye mfereji wa viboko ambao koplo asingethubutu kuuingia, nikatokea upande wa pili nikarudi nyumbani kwa mguu. Lakini namba ishirini na saba waliisoma, na kofia waliiona, na koplo akasema ni mwanamume.

Walifika jioni ile ile. Yonasi homa ilikuwa inamtoka, jasho limemlowesha shati lote. Koplo akamtazama akasema, "Hilo ni jasho la kukimbia." Akauliza nani alikuwa majini. Mimi nimesimama pale mlangoni, mtoto wa miezi mitano kifuani ananyonya. Nikafungua mdomo. Yonasi akasema, "Ni mimi." Alisema kabla yangu, wanangu, kwa sababu alimwona mtoto, akajua mama atapelekwa boma na maziwa yake. Lusubilo alinitazama, akaitazama miguu yangu yenye tope, akainamisha kichwa, akaandika.

Alifungwa miezi miwili, akachimba barabara na homa yake. Hiyo tungeimeza, kifungo cha serikali kina mwisho. Lakini wazee wa kanisa walikaa wakasema: alituma salamu kwamba anaumwa, kumbe alikuwa ziwani, basi ni mwongo na mvunja Jumapili. Wakamvua uinjilisti, wakamtenga na meza ya Bwana mpaka atubu. Ezron, na wewe ulikuwemo, kijana kuliko wote, na mkono uliuinua. Sikulaumu, mlihukumu mlichokiona. Nilipotaka kusema, Yonasi alinikataza. Alisema, "Askari nilimdanganya kwa ajili ya mtoto, na hilo nimeshamweleza Mungu. Lakini kusimama kanisani nitubie dhambi isiyo yangu, siwezi, na kukutaja wewe siwezi." Akakaa nje miaka ishirini na miwili. Kila Jumapili alinisindikiza mpaka mlangoni, akaketi kwenye jiwe lile, akasikiliza nyimbo kupitia dirishani.

Nami niliingia. Nilikula mkate wa Bwana, nikanywa kikombe, nikafanywa mkuu wa akina mama, nikawafundisha wasichana uaminifu. Mwanzoni nilinyamaza kwa ajili ya mtoto, kisha kwa sababu Yonasi alikataza, na baadaye, niseme kweli, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuheshimiwa. Nilimpenda yule mtu, na nilimwacha nje. Naona haya, wanangu. Naona haya sana.

Leah, maji. ... Basi, yatosha.

Timotheo. Usiangalie chini, niangalie mimi. Ulikua ukiitwa mtoto wa mwongo, ukapigana shuleni mpaka jino likang'oka, halafu hasira yako ukaigeuza kwa baba yako. Ulipopata ualimu ukaacha kula naye sahani moja. Mwaka jana tulipomzika nje ya ua wa minyaa unaozunguka makaburi, kwa kuwa waliotengwa huzikwa nje, wewe ulisimama ndani, ule upande wa minyaa wenye heri, hukuvuka hata kumtupia baba yako udongo. Nilikuona nikanyamaza, na ulimi wangu ukawa mzito kuliko jeneza. Sasa sikia nisichowahi kukuambia. Siku ile ziwani sikuwa peke yangu. Ulikuwa umelala miguuni pangu, juu ya ngozi ya mbuzi, ndani ya namba ishirini na saba. Ulicheka tulipoingia kwenye mfereji. Kwa hiyo tulikuwa majini mimi na wewe, mwanangu, na aliyekuwa kitandani ndiye aliyelipa.

Lia tu, wewe nakuruhusu.

Mzee Ezron, najua utasema maneno ya mwanamke anayekufa ni homa. Umemwona yule babu aliyekaa mlangoni tangu asubuhi, mwenye koti la kahawia na meno mawili, mkadhani amekuja kuomba uji? Huyo ndiye Lusubilo. Nimemtuma mtu Chapwa akamlete. Muulize nani alikuwa majini. Aliutambua mtumbwi kwa mwendo wake, maana ni mimi peke yangu niliyesukuma hivyo, na alinyamaza kwa sababu nilimvuta majini. Lusubilo, baba, deni lako limekwisha leo. Itikia kwa kichwa, waone... Mmeona? Ahsante.

Sasa maagizo, na ni maagizo, siyo maombi. Jumapili hii Ezron asimame ayaseme haya yote kanisani, asiruke la kofia wala la mfereji. Jina la Yonasi lirudishwe katika kitabu kwa wino ule ule uliolifuta. Mimi nizikeni kando yake, hapo hapo alipo. Msimfukue, mtu yule amehamishwa vya kutosha. Bali ua wa minyaa ung'olewe upande ule, upandwe upya nyuma ya migongo yetu, na atakayeshika jembe ni Timotheo, peke yake, bila kibarua. Upondo wangu uko darini. Mpeni Leah, na ziwa likirudi, maana litarudi, awafundishe watoto wote, wa kike kwanza.

Njooni, leteni vichwa. Leah, uzae, ushibe, na usiogope askari wala mzee wa kanisa. Timotheo... Mungu akupe mke wa... wa kukutetea. Akupe moyo wa baba yako, siyo wangu. Na lango... lango la nyumba hii lisimfungie mtu nje.

Shusheni kichwa changu. Hivyo.

Ezron, na wakikataa... wakikataa kuusogeza ua, msibishane nao. Nizikeni huko huko nje. Nimekaa ndani peke yangu... miaka mingi mno.