Aliyeingia Mtoni na Aliyetoka: Risala ya Watazamaji wa Sinema za Bwana Tarumbeta, Nanyala, 1954

Mgeni rasmi, Bwana Meneja wa kampuni inayotengeneza sinema za Bwana Tarumbeta. Mheshimiwa Mwene, chifu wetu. Wachungaji na wazee wa kanisa. Walimu, mama zetu, na ndugu wote mliotoka Igamba na Ruanda kuja hapa Nanyala: tunawasalimuni kwa heshima.

MAKARIBISHO

Bwana Meneja, karibu kwetu. Tumesikia kwamba gari lako lilikwama kwenye tope na vijana wa Ruanda wakalisukuma wakiimba. Hatukushangaa, maana vijana wale ndio waliozipenda sinema zako mpya kuliko wote. Sisi wengine tulikuwa hapa tumekaa, tukiulizana kama tukupokee au tukuache upite uende zako Tunduma. Tunakuambia haya mapema ili usidhani kwamba vigelegele ulivyovisikia vilikuwa vya watu wote. Lakini umekwisha kunywa chai yetu na kula kuku wetu. Wewe ni mgeni wetu sasa, na hakuna atakayekuvunjia heshima.

TULIVYOJUANA NA BWANA TARUMBETA

Gari la sinema lilifika kwetu mara ya kwanza mara tu baada ya vita. Kitambaa cheupe kilifungwa kwenye nguzo, mashine ikanguruma, na kiwanja chote kikajaa watu, hata wale waliokuwa wamekatazwa na wazee wao. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Mkalimani wako, Bwana Osward, alisimama kando na kipaza sauti akatusemea maneno ya kila mtu, ya mwanamume na ya mwanamke, na ya mbuzi pia.

Siku hiyo tulimwona Bwana Tarumbeta, mkulima mwenye kofia iliyobonyea na mdomo mkubwa, anayejua kila jambo kabla hajafundishwa. Alinunua baiskeli asijue namna ya kuisimamisha, akaingia nayo kwenye karamu ya harusi. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mwaka uliofuata akarudi, akakataa kuchimba choo. Na mwaka uliofuata tena, akabishana na mganga wa sindano. Kila baada ya mavuno ya kahawa tulimngoja kama mtu anavyomngoja shemeji mchekeshaji.

Bwana Meneja, labda hili hukulijua. Siku ile ya sinema ya choo, mjane mmoja wa hapa Nanyala, Mama Ruti Haonga, ambaye mwaka wa kwanza hakuja, alisimama katikati ya watu akasema, "Huyu ni Damiano wangu."

Watu walimwambia akae. Mwanawe Damiano alikuwa ameondoka na malori ya waajiri kwenda mashamba ya mkonge kule Tanga, na hakuna aliyekuwa amepata habari zake. Lakini Tarumbeta alipocheka, wote waliochunga naye ng'ombe wakaliona pengo la jino aliloling'oa ndama kwa teke. Mwendo wake pia ulikuwa ule ule, bega la kushoto likiwa chini.

"Sauti siyo yake," Mama Ruti alisema. "Lakini mtu ni yeye mwenyewe."

Tangu hapo hakuna aliyekaa mahali pa Mama Ruti pale mbele. Alikuja na blanketi lake, na Damiano alipotokea alimwamkia kwa Kinyiha, lugha yetu, tena kwa sauti, nasi tukanyamaza mpaka amalize. Bwana Osward alipojua, alibeba salamu kwenda na kurudi. Damiano alimtuma hivi: "Mwambie mama, kazi hii ikiisha nitakuja nimjengee nyumba ya matofali."

FAIDA TULIZOPATA

Hatutaki kuwa watu wasio na shukrani. Kwa ajili ya Tarumbeta, vyoo vilichimbwa Igamba ambavyo mabwana afya walikuwa wamevisemea mpaka wakachoka. Watoto wetu walipelekwa kuchanjwa wakicheka. Wazee waliokuwa hawajui Kiswahili isipokuwa "jambo" na "kodi" walijifunza maneno yake, wakawa wanatukanana nayo kwa furaha pombeni. Na tulijisikia kuwa watu, kwa kuwa mtu aliyekuwa akichekwa na nchi nzima, na kupendwa na nchi nzima, alikuwa mtoto wetu.

LILILOTUPATA MWAKA JANA

Mwaka jana gari lilileta sinema mpya, Tarumbeta Avuka Mto. Tulijaa kuliko miaka yote.

Damiano alitokea akiwa amebeba baiskeli begani. Mama Ruti akamwamkia. Damiano akafika ukingoni mwa mto, akasimama, akageuka nyuma kama anayeuliza jambo. Kisha akaingia. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani. Mkono ukapanda juu, ukapunga, ukapunga tena. Kofia ikaelea peke yake. Tulicheka, Bwana Meneja. Watu walianguka chini kwa kucheka.

Anania, fundi cherehani wa hapa Nanyala, akapiga kelele, "Rudia! Rudia!" Nasi sote tukaitikia. Mtu wa mashine akarudisha picha nyuma, Damiano akaingia majini tena, tukacheka tena.

Halafu mtu akatoka majini upande wa pili. Alivaa kofia ile ile na shati lile lile. Lakini alikuwa mrefu, meno yake yote kamili, na mabega yake yamelingana. Akaanza kucheza dansi pale ukingoni. Nusu ya kiwanja ilishangilia, maana alicheza vizuri mno. Nusu nyingine ilikauka.

Bwana Osward alikuwa bado anamsemea: "Mimi ndimi Tarumbeta! Maji yamenifanya kijana!"

Mama Ruti akasimama. Kivuli chake kikaangukia kitambaani, juu ya yule mtu anayecheza. Akasema, "Huyu aliyetoka si mwanangu. Mwanangu yuko wapi?"

Bwana Osward akakifunika kipaza sauti kwa kiganja. Picha ikaendelea bila sauti mpaka ikaisha.

TULIVYOGAWANYIKA

Baada ya siku hiyo hatukuwa watu wamoja tena.

Anania na vijana wa Ruanda walisema Tarumbeta huyu mpya ni bora kuliko wa zamani. Anacheza, anapendeza, hatembei kama mzee. "Hata timu ya mpira hubadilisha mchezaji," Anania alisema. "Damiano amechoka, amepumzika. Atakuja." Mwalimu mmoja wa kanisa aliipenda sinema hiyo zaidi. Alihubiri Jumapili kwamba Tarumbeta ameingia majini mtu wa kale, akatoka mtu mpya, nasi tumfuate.

Loisi, dada yake Anania, jirani ya Mama Ruti, alitoka kanisani katikati ya mahubiri hayo. Nje akamwambia kaka yake, "Mtu habadilishwi kama shati. Wamemfanya nini Damiano, nawe unapiga makofi?"

"Ni sinema, Loisi! Sinema tu!"

"Basi mwambie Mama Ruti kwamba alizaa sinema."

Loisi hakumpikia tena kaka yake. Kwenye harusi moja huko Igamba, vijana walicheza ile dansi ya ukingoni, wazee wakainuka wakaondoka, bibi harusi akabaki analia. Gari liliporudi na sinema hiyo hiyo, watu walipigana na kitambaa chako kikachanika. Tulisikia kwamba ulikasirika. Ulituma maneno kwamba sisi watu wa huku Mbozi hatujastaarabika bado, hatujui kutofautisha picha na mtu.

Wakati huo wote Mama Ruti alikuwa akiuliza swali lile lile kwa kila aliyepita barabarani, wenye malori, watu waliotoka migodini ng'ambo ya mpaka, hata mapolisi. Hakuna aliyejua.

TULILOLISIKIA

Mgeni rasmi, sasa tunafika mahali ambapo hukutegemea tufike.

Kabla ya mvua kuanza, mtu mmoja aitwaye Mbonile alitelemka kutoka milima ya Ileje. Alikuwa mpagazi wa kampuni yako, akibeba masanduku ya kamera. Alisikia kule kwao kwamba watu wa huku wanagombana kwa ajili ya Tarumbeta, akashindwa kulala. Akaja kanisani hapa Nanyala, akaomba nafasi baada ya ibada. Mimi ninayesoma nilikuwepo, na karibu ninyi nyote mlikuwepo. Alisema hivi:

"Msigombane. Yule hakubadilishwa. Alikufa. Mto ulikuwa umejaa kuliko jana yake. Damiano aligeuka akauliza, 'Bwana, kamba iko wapi?' Wakamwambia aendelee, jua linazama, kamera inazunguka. Alipopunga mkono tulidhani anachekesha, kwa sababu ndiyo kazi yake. Hata sisi tulicheka pale ukingoni. Tulimpata siku ya pili chini ya mto, tukamzika hapo hapo. Kisha wakamleta kijana mwingine, wakamlowesha maji, wakasema, 'Toka.' Nasi tukaambiwa tufunge midomo, kwa sababu watu wakijua Tarumbeta amekufa hawatakuja kumtazama tena."

Bwana Meneja, fikiri mwenyewe. Tulikuwa tumemwona mtoto wetu akifa. Tulikuwa tumeomba tuonyeshwe tena. Kule kupunga mkono, ambako watoto wetu walikuwa wakikuiga njiani wakienda shule, kulikuwa kuomba msaada. Mwalimu aliyehubiri alipiga magoti pale pale. Wengine wetu mpaka leo hatujaweza kucheka jambo lolote bila kusita kwanza.

Anania alitoka kanisani akaenda moja kwa moja kwa Mama Ruti, akasimama mlangoni. Mama Ruti ndiye aliyesema. "Ingia, mwanangu. Siku ile uliita 'rudia'. Mimi masikio yangu yalisikia 'rudi'. Nikafurahi kwamba kuna mtu anayenisaidia kumwita."

Ungedhani kwamba baada ya hapo tulipatana. Hapana. Tumegawanyika upya, na kwa namna ya ajabu. Anania sasa anataka sinema zote za Tarumbeta zichomwe, za zamani na mpya, asionekane tena mtu mwenye kofia ile. Loisi, aliyekuwa akizipinga, amekataa katakata. "Mkizichoma mtamuua tena," anasema. "Damiano hatembei mahali pengine popote duniani isipokuwa humo." Kaka na dada wamekaa leo pande mbili za kiwanja hiki, unaweza kuwaona. Na sisi tuliobaki tumekaa huku na huku, wala hatujui nani ana haki.

Ndipo tukaenda kumuuliza mwenye mtoto. Maombi haya ni yake. Sisi tumeyaandika kwa Kiswahili tu.

MAOMBI

Tunaomba kwanza Mama Ruti apelekwe penye kaburi. Mbonile yuko hapa na anapajua. Gari unalo. Kama hapana msalaba, uwekwe, na uandikwe Damiano Haonga, usiandikwe Tarumbeta.

Tunaomba pia kwamba popote sinema hiyo itakapoonyeshwa katika nchi hii, mkalimani awaambie watu kabla taa hazijazimwa kwamba mtu huyu alikufa akiifanya kazi hii. Baada ya hapo, atakayecheka na acheke akijua.

Kuhusu sinema yenyewe, kuchomwa au kubaki, Mama Ruti alifikiri kwa muda mrefu. Kisha alisema, "Nataka niione leo, Bwana huyo akiwepo. Lakini ifike pale anapogeuka nyuma, ndipo isimame. Asiingie." Kwa hiyo tunakuomba, Bwana Meneja, sinema mpya uliyotuletea ibaki garini. Utuonyeshe ile ya mto mpaka ukingoni tu, na hapo mtu wa mashine azime. Hili Anania amelikubali na Loisi amelikubali, na ni jambo la kwanza walilokubaliana tangu mwaka jana.

Tulidhani amemaliza, tukainuka kuaga. Mama Ruti akatushika, akauliza habari za yule kijana mwingine, aliyetolewa majini, ambaye wengi wetu tumemtukana na wengine wetu tumemshangilia, na hakuna hata mmoja anayejua jina lake. Alisema, "Yule naye alipewa shati la mtu aliyekufa. Alijua? Mwulizeni Bwana Meneja, kijana yule anaitwa nani, na kwao ni wapi. Na mama yake, je, anajua mwanawe yuko wapi?"

Mgeni rasmi, tunaomba utujibu hilo hapa, mbele ya watu hawa, kabla giza halijaingia.

Mungu akupe moyo wa kusema na sisi masikio ya kusikia. Awarudishe majumbani mwao salama wote waliokwenda mbali kutafuta kazi, na awape pumziko wale wasioweza kurudi.

Ni sisi,
Watazamaji wa Sinema wa Igamba, Ruanda na Nanyala.

Imesomwa kwa niaba yao na Mwalimu Nesta Nzowa.