Wazee Saba wa Kwemvumo na Mawe Matatu Yasiyo Yao

Mgeni rasmi, shikamoo. Sisi wakazi wa Kwemvumo tunakukaribisha kwa moyo. Wewe ni mgeni wa nne kuja kwa jambo hili hili, kwa hiyo tutasema kwa kifupi.

HISTORIA
Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa kigeni walikikalia kijiji hiki, wakataka vijana wa kubeba mizigo yao. Vijana wakafichwa msituni. Wakabaki wazee saba. Mkubwa wa askari akamuuliza mmoja wao, Bibi Mariamu, "Vijana wako wapi?"

"Wamefuata chumvi Magoma."

"Wote?"

"Chumvi ni nzito, bwana."

Wote saba walipigwa risasi kule bondeni, ng'ambo ya kijito, wakazikwa hapo hapo. Hakuna aliyetaja msitu. Sisi ni uzao wa vijana wale.

MAFANIKIO
Tunayo mawe matatu ya msingi wa mnara wa kumbukumbu. Kila jiwe lina jina la mgeni aliyeliweka. La marehemu hata moja hakuna. Mnara nao hakuna.

CHANGAMOTO
Kosa ni letu pia. Tuliona si heshima mgeni ateremke kwenye utelezi wa bondeni, tukaweka mawe hapa gari linapofika, shambani kwa mama Sesilia. Mwaka jana alituuliza, "Jamani, wazee wenu walifia kwenye viazi vyangu?"

Tulipotaka kuweka jiwe letu wenyewe makaburini, tuliambiwa tusubiri mnara. Orodha ya majina tumeipeleka ofisini mara tatu. Kila mara tunaambiwa, "Leteni nyingine."

Bibi Rahabu, mjukuu wa Bibi Mariamu, ana miaka tisini na tatu. Anataka kusoma jina la bibi yake kwenye jiwe kabla naye hajazikwa. Zamani alikuwa akituuliza, "Lini?" Siku hizi haulizi.

MAOMBI
Mgeni rasmi, mnara hatuombi tena. Tunaomba ruhusa ya jiwe moja lenye majina saba, pale walipolala. Fundi yuko Malindi ya hapa jirani, kazi yake ni siku mbili. Barua tumeshaiandika, imebaki sahihi yako.

Ila tunakuomba usiitie sahihi hapa mezani. Bibi Rahabu yuko makaburini tangu asubuhi, amekaa kwenye kigoda, anakungoja. Gambuti za saizi ya mguu wako ziko chini ya meza. Tulimuuliza dereva wako.

Mungu akuteremshe salama.

Ni sisi,
Wakazi wa Kitongoji cha Kwemvumo