Fundi Aliyekipaka Rangi Kioo

Marehemu, fundi wa mitambo ya maji, ambaye wengi mlimwita Mzee Kimya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu na wa mwisho kwa mama yake, na ubishi aliuanza kabla ya kutembea. Alisoma shule ya msingi hapa mtaani, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1983, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika mradi wa maji, ulioendeshwa kwa ubia na kampuni ya kigeni.

Hapo ndipo mama yake alipoanza kuumwa kichwa, maana mhandisi mgeni kila alipourekebisha mtambo aliinama akauziba wote kwa mgongo, mafundi wetu wakasimama nyuma kama nguo kwenye kamba, na marehemu, badala ya kufungua mdomo, alijifunza kwa kuchungulia kioo cha kabati la pembeni, kilichoakisi mikono ya mhandisi. Mama akamwambia, wewe mdomo umepewa wa kulia tu? Wageni walipoondoka akakabidhiwa chumba cha mtambo, na kazi yake ya kwanza ikawa kukipaka kioo kile rangi nyeusi, ili wenzake wasimwibie ujuzi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988, wakajaliwa mabinti wawili, na mkewe aliposema, baba watoto, wafundishe wenzio, alijibu kwamba yeye hakufundishwa na mtu.

Januari mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya figo, mtambo ukagoma, mtaa mzima ukabaki na ndoo tupu, ndipo mkuu wa kituo akampigia simu mhandisi yule, sasa mstaafu, naye akaeleza kila kitu kabla chai haijapoa, akaongeza kwamba alikuwa akiinama kwa ubovu wa macho, na kwamba siku zote alishangaa, mbona hawa mafundi hawaulizi? Marehemu alipoletewa habari hizo wodini alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, akawaagiza wenzake wakaikwangue rangi ile, na warudi na maswali. Walikuja kila jioni, hadi alipofariki tarehe 9 Februari, jibu likiwa nusu mdomoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotugawia maji yao machache, na mafundi wa kituo, ambao kucha zao bado zina rangi nyeusi.

Pumzika kwa amani, mtoto mbishi, na huko uendako, usilolijua, uliza.