Safari Aliyokatiwa Bi Mwanakheir

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu. Bi Mwanakheir Silima, mkaazi wa Ng'ambo hapa Unguja, mwalimu wa watoto wasiosikia. Ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita. Mumewe, Bwana Usi, mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, alitukaribisha kwake. Chai alitupa. Tabasamu hakutupa.

"Semeni huko redioni," alianza, "mke wangu hakuzuiwa na mimi."

Bi Mwanakheir alifundisha miaka mingi bila ya shahada. Darasani mwake wamo watoto wasiosikia, wamechanganywa na wenzao, na hakuna aliyemfunza namna ya kuwafundisha. Akatumia mikono, macho, na picha alizochora mwenyewe. Bintiye, Nassra, anakumbuka: "Mama alikuwa akipika huku anasema na vidole. Wali ukiungua, tunajua kapata neno jipya."

Akaingia chuo cha ualimu akiwa mtu mzima, huku akiendelea kufundisha. Usi kasoma mpaka darasa la nne, basi wenziwe bandarini wakapata la kucheka.

"Usi, sasa utaolewa wewe!"

"Bora niolewe na mwalimu," akawajibu, "kuliko kumuoa dada yako."

Ndipo ikaja ile nafasi. Wiki sita Finland, kwa wanafunzi wa ualimu, kukaa na walimu wa huko na kuona wanavyowafundisha watoto wasiosikia. Wiki sita tu, wasikilizaji. Bi Mwanakheir akafanyiwa usaili, akafaulu. Kwetu mke hasafiri bila ya radhi ya mumewe. Akaiomba usiku huohuo.

"Baba Nassra, nna neno."

"Nshakubali. Baridi ya huko utaiweza?"

Kesho yake Usi akatoka bandarini moja kwa moja hadi Darajani, akarudi na koti zito la mtumba. Bi Mwanakheir akalivaa palepale, kaskazi imepamba moto, jasho linamtiririka. Wifi yake Mashavu alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, umekuwa gunia la karafuu!"

Haikupita wiki, Bi Mwanakheir akaitwa na mkuu wa idara pale chuoni, Mwalimu Ubwa.

"Bi Mwanakheir, nafasi tumempa kijana. Wewe una mume. Tulijua Bwana Usi hatoridhia, tukaona tusiwatilie fitina nyumbani."

"Mume wangu karidhia, Mwalimu."

"Jina lishakwenda. Mwakani, inshallah."

Usi alipoambiwa, aliuacha mzigo wa watu gatini akaenda chuoni na vumbi lake la saruji. Mwalimu yuko kikaoni. Akenda tena. Mwalimu kasafiri. Alipompata, kijana keshapanda ndege.

"Tulikustahi wewe, Bwana Usi," Mwalimu Ubwa akamwambia.

"Mlinistahi bila ya kuniuliza? Mdomo wangu mmeusemea nyinyi?"

Kijana alirudi na picha za theluji. Bi Mwanakheir alimfuata, akamuuliza wale watoto wanafundishwaje. Kijana akainamisha kichwa. Yeye alikuwa akisomea hesabu; darasa lile hakuingia.

Mwakani ikafika. Bi Mwanakheir hakufika. Presha ilimwangusha akiwa darasani, chaki mkononi. Usi hasemi kuwa safari ndiyo iliyomuua. Anasema kwa uchungu: "Kafa anadhani labda kweli nilipeleka neno la kumzuia. Hakunambia. Lakini siku moja aliniuliza, 'Hukuzungumza nao kabla?' Mara moja tu. Nnaisikia mpaka leo."

Maziko yalijaa. Kama ada yetu, kabla ya sala Usi alisimama: "Jamaa, marehemu akiwa kamkosea mtu, naomba asamehewe." Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Mwalimu Ubwa naye alikuwepo, safu ya mbele, akaitikia kwa sauti.

Usi hakukaa. "Na aliyemkosea yeye?"

Imamu akakohoa, watu wakapanga safu.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bwana Usi, Nassra, Bi Mashavu, na watoto wa darasa lile, ambao habari ya msiba walipewa kwa vidole na mtu asiyejua vidole. Mola amrehemu mwalimu wao.

Nanyi mnaogawa nafasi hizi za kwenda kusoma nje, hata zile za wiki chache, tafakarini. Koti bado limetundikwa nyuma ya mlango, halijaona baridi. Na mlango wenyewe uko Ng'ambo. Kutoka chuoni mtu anafika kwa miguu, anapiga hodi, anauliza.