Mama Agnès Tshiela na Paprika Isiyoanikwa Nje

Mama Agnès Tshiela alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: tangu malori ya madini yalipoijaza barabara vumbi, paprika yake haikuanikwa nje hata siku moja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika cité ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi karibu na Kolwezi, nchini Kongo, mtoto wa tata Kazadi, baba aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na mama Mushiya. Alisoma shule ya msingi palepale Kapata, kisha sekondari mjini Kolwezi, akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1988.

Mwaka 1990 aliajiriwa jikoni katika nyumba ya wageni ya kampuni moja ya migodi. Huko ndiko alikoijua paprika: poivron nyekundu, yaani pilipili hoho, iliyoiva kabisa, ikatolewa mbegu, ikakaushwa na kusagwa kuwa unga. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na tata Lucien Beya.

Nyumba ya wageni ilipofungwa mwaka 2003, alianza kutwanga paprika yake mwenyewe na kuiuza sokoni. Mama mmoja aliyedhani amenunua pilipili alirudi amekasirika.

“Mama Agnès, hii pilipili haiume hata kiloko! Umetuuzishia bulongo, udongo mutupu?”

“Bulongo iko mu njia, mama. Hii ni ya kupatia nyama rangi na harufu. Tia mu mafuta ya vuguvugu, kisha ongeza maji mbio mbio. Mafuta ikikuwa ya moto sana, itaungula, itakuwa uchungu, na utakuja tena kunitukana.”

Mama yule aliitia katika maharage, kisha akampaka kuku kabla ya kumchoma, na hakumwacha Mama Agnès tena.

Baadaye malori ya madini yaliongezeka katika barabara iliyopita mbele ya nyumba yao. Vumbi lake lilikuwa jekundu kama paprika yenyewe. Lingeingia katika unga na hakuna jicho ambalo lingeliona. Wauzaji wengine waliendelea kuanika nje. Vumbi liliuongezea unga wao uzito kwenye mizani, nao waliuuza hivyo hivyo. Hilo ni kosa, na tunalisema hata mbele ya jeneza lake Mama Agnès.

Mama Agnès alimwomba mume wake ajenge chumba cha matofali nyuma ya nyumba. Humo aliziba madirisha kwa vitambaa, akawasha kuni, akageuza poivron zake ndani ya moshi hadi zikauke. Wateja waliipenda harufu ile ya moshi. Hawakuuliza ilitoka wapi.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Daktari alimwambia aache moto ule. Alijibu:

“Docteur, inje vumbi, ndani moshi. Vumbi itakuliwa na batoto ya bantu bengine. Moshi, ni mimi njo naikula.”

Daktari alikuwa amesema kweli. Jémima, binti wa Mama Agnès, alimsihi mama yake auze kitu kingine, naye akakataa. Mwaka wa mwisho wa maisha yake Mama Agnès hakuweza kutembea hadi kanisani. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, hospitalini Kolwezi, akipumua kwa mashine.

Ameacha mume, tata Lucien, watoto wake, Jémima na Mechack, wajukuu watatu, na dada yake, mama Tina. Mungu ampe pumziko, na pumzi aliyoikosa.

Paprika yake ilikuwa safi. Ilimgharimu mapafu yake.