Kimeo cha Simeoni

Benchi la Mzee Alute, muuza kahawa, liliegemea ukuta wa duka la ushirika pale Kiomboi, mabasi ya Singida yanaposimama. Mwaka ule wa kuhamia vijijini vumbi halikutulia, wala midomo ya benchini. Simeoni walimwita Filimbi, kwa jinsi pua yake ilivyolia akihema. Asubuhi hiyo Filimbi hakuwa na hamu ya utani. Pua ilikuwa imeziba tangu mavuno ya mwaka juzi, paji la uso likimgonga kila akiinama kulima, na katika shamba la kijiji walikwisha kumwita kupe. Neno hilo lilimchoma kuliko maumivu yenyewe. Basi alikuwa amekubali: adhuhuri angekwenda kwa fundi wa jadi akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni.

— Usiogope, — alisema rafiki yake Gaspari Ugoro, akimsogezea kikopo. Ndani mlikuwa na ugoro, tumbaku ya kunusa aliyoisaga mwenyewe kwa magadi, na hakuwahi kumuuzia Simeoni hata siku moja. — Kimeo chako kimerefuka, kimetambaa kwa nyuma kama mboga ya maboga, kimeingia puani. Nusa kwanza. Dawa ya moto ni moto.

Simeoni akanusa, akapiga chafya, akafuta machozi.

— Imezibuka?

— Ilizibuka. Imeziba tena.

— Kimeo mnakionea bure, — alidakia Lazaro Redio, ambaye redio hakuwa nayo ila habari hazikumwishia. — Ni wale waliokwenda mwezini. Wametoboa huko juu, hewa inavutwa. Sisi wa Iramba tuko mlimani, ndio tunaokosa kwanza.

— Mbona wewe unahema? — Simeoni aliuliza.

— Mimi mfupi.

Benchi zima likacheka. Simeoni naye alicheka, kisha akashika paji la uso.

— Au tone la mafuta ya taa kila tundu, — Lazaro aliendelea. — Injini ya lori huzibuliwaje?

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, — alisema Mzee Alute, akimimina kahawa.

— Mzee, nikiinama ndipo kichwa kinapasuka!

— Mimi nimetoa methali tu. Sijasema uiname.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Felista, muuguzi wa hospitali, akingoja basi. Alikuwa amewaamkia shikamoo, akanyamaza. Sasa uvumilivu ulimwisha.

— Mniwie radhi, wazee wangu. Mafuta ya taa yataunguza hiyo pua, na yakiingia mapafuni yanaua. Na kimeo hakizibi pua. Waliokatwa nimewapokea, wakivuja damu.

— Sasa nifanyeje, Sista? — Simeoni aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli.

— Chemsha maji, yachemke hasa, yapoe yawe vuguvugu. Glasi moja, chumvi nusu kijiko cha chai. Laza kichwa upande juu ya karai, hema kwa mdomo, mimina taratibu tundu la juu, yatokee la chini. Asubuhi na jioni. Maji mabichi ya kisimani usithubutu. Kitambaa cha maji ya moto kiasi usoni kitatuliza maumivu. Jicho likivimba au homa ikipanda, usingoje, njoo. Na hata yasipotokea hayo, njoo upimwe. Miaka miwili si mafua.

— Chumvi tu? — Lazaro alisikitika.

— Chumvi tu, — alijibu, akamgeukia Simeoni. — Lakini baba, nikuulize. Pua iliziba ndipo ukaanza ugoro, au ulianza ugoro ndipo pua ikaziba?

Simeoni alimtazama Gaspari. Gaspari akamtazama Lazaro. Lazaro, mwenye habari za mwezini, akakitazama kikombe. Simeoni alikumbuka mara ya kwanza, wakipura mtama, wakipokezana kikopo na vicheko. Pua ilikuwaje siku ile? Hakukumbuka hata kidogo. Ila moyo wake ulikuwa mwepesi ghafla, kwani kama ni ugoro ulioziba pua, basi yeye hakuwa mvivu wala hakulogwa.

— Miaka miwili, — Gaspari alisema kwa shida, — nilidhani namtibu.

Simeoni akamshika bega.

— Ulinipa kwa mapenzi, ndugu yangu. Lakini kuanzia leo ninyime.

Gaspari alikirudisha kikopo mfukoni.

— Na fundi? Keshanoa kisu. Nimwambie nini?

Simeoni alikuwa ameshasimama.

— Mwambie nimekwenda kuchemsha maji.