Mguu wa Kushoto wa Mwalimu Klachi

Kijiwe chetu ni benchi refu mbele ya banda la Pancha, fundi wa matairi, na wenye benchi ni sisi tusioishiwa maneno. Siku hiyo Mwalimu Klachi alikuja kwa miguu, akakaa pembeni kabisa, akapokea kahawa bila kushukuru. Huyu ndiye aliyefundisha nusu ya madereva wa mtaa huu. Gari la shule yao ya udereva lilikuwa limekufa giaboksi, na asubuhi hiyo tajiri wake, mwenye shule, alimchukua wakachague jipya. Jana yake alituapia hapahapa kwamba hatarudi na gari lisilo na klachi, haya yanayojibadilishia gia yenyewe. Sasa amerudi, uso chini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumuuliza. Aibu ya mwenzio ukishaiona inakuja, nawe inakukaba.

Aliyeshindwa kuvumilia ni kinyozi wetu, Spika, tuliyemwita hivyo kwa kuwa hana sauti ya chini.

SPIKA: Mwalimu, gari liko wapi?

KLACHI: Liko kwa tajiri.

PANCHA: La gia?

KLACHI: Oto.

Alilitamka kama anayetaja ugonjwa wake mbele ya wakwe.

KLACHI: Tumezunguka maduka yote. Magari mapya ni oto tupu. Muuzaji mmoja kasema tuagize, tungoje mpaka mwakani, na bei juu. Kijana wa duka jingine kaniuliza, mzee, la gia ni la kubebea mchanga?

PANCHA: Njama hiyo. Wameondoa klachi ili gari likizima usiweze kulisukuma likawaka. Ukwame, uwapigie simu wao.

SPIKA: Wapi! Ni magoti hayo. Kuna mkubwa mmoja huko viwandani aliumwa goti, dunia nzima ikanyang'anywa pedeli. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

MIMI: Mkono umeingiaje kwenye goti?

SPIKA: Na gia unaingiza kwa kitu gani, kwa sikio?

PANCHA: Basi ni wezi. Wezi wa siku hizi gia hawazijui. Wamewalilia wenye viwanda kwamba hawana cha kuiba.

SPIKA: Mtaona. Mwakani wataondoa usukani. Mwaka wa pili, dereva.

Tulicheka. Klachi hakucheka.

KLACHI: Sijamaliza. Tajiri kaniambia, mwalimu, litoe. Nafika getini, mguu wa kushoto ukashuka kutafuta klachi kama ulivyozoea. Pale hapana klachi. Pana breki.

PANCHA: Na tajiri?

KLACHI: Alikuwa ndiyo kwanza anavuta mkanda. Paji la uso likaenda kwenye dashibodi. Wauzaji wote wanatazama. Nikaomba radhi, nikaondoka tena, nikarudia vilevile.

SPIKA: Mara ya pili?

KLACHI: Mguu haunisikii, jamani. Tajiri kaendesha mwenyewe mpaka kwake. Kasema Jumatatu nikiwa bado hivi, atatafuta mwalimu mwingine. Nimeona haya mimi. Watu wa oto nimewatukana maisha yangu yote, nikiwaita mizigo.

SPIKA: Ndiyo hivyo. Samaki mkunje angali mbichi.

MIMI: Spika, leo nyamaza.

Mara likaja gari dogo, likaegeshwa taratibu kando ya mtaro. Akashuka binti yake Klachi, muuguzi, bado yumo ndani ya sare. Akatuamkia mmoja mmoja. Kumbe tajiri alikwishapiga simu nyumbani.

BINTI: Baba, twende kiwanjani. Nitakufundisha kabla sijarudi zamu.

KLACHI: Ngoja kwanza, mama. Tunaangalia kwa nini magari ya gia hayauzwi tena.

Pancha akamweleza yote: njama, magoti, wezi. Yule binti akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

BINTI: Mimi nilipokwenda kununua langu, nilichukua oto kwa sababu ndilo ninalolijua. Baba nilimwomba anifundishe la gia, akasema nitamuunguzia klachi. Na dada zangu, binti zako, baba Pancha, nao wanaendesha oto. Sasa niwaulize tu, wazee wangu: ni binti yenu yupi mliyemfundisha gari la gia?

Hakuuliza kwa ukali, na hapo ndipo alipotuumiza. Pancha akavuta tairi zima kabisa, akaanza kulitafutia tundu.

Klachi akainuka. Kwa mazoea ya ualimu akaenda upande wa abiria, akafungua mlango.

BINTI: Huko nakaa mimi, baba.

Akazunguka polepole, mbele ya macho yetu sote, akaketi kwenye usukani. Binti akainama, akamwonyesha mahali pa kuuficha mguu wa kushoto, nyuma kabisa, usiguse kitu. Mwalimu akaurudisha. Akaweka mikono mapajani kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

KLACHI: Klachi ingenunuliwa nyingine, mwanangu. Nisamehe.

BINTI: Washa gari, baba.